Kabla Hujaiwasha Hiyo Pikapu

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini wewe nakuona hapa dirishani. Umekaa kwenye kigoda unakunja nguo, na mama yako anazikunjua na kuzikunja upya kwa sababu hajaridhika. Kwa hiyo najua hujambo. Mimi ndiye nisiye mzima sana, na nataka kukuandikia sababu yake kabla giza halijaingia na kabla sijabadili mawazo.

Habari za kula vizuri, kuchemsha maji na kutokulala na nywele mbichi sitaziandika. Mama yako amekupa hizo tangu wiki iliyopita, na nina hakika atakupa tena kesho ukiwa umeshafunga mlango wa gari. Habari za wanaume ameniambia nisiguse, ataongea yeye. Nimemshukuru sana. Mimi nitaongea habari ya gia boksi. Cheka tu, najua unacheka. Wenzako baba zao huwaandikia mambo ya maisha, wewe baba yako anakuandikia vyuma.

Leo alasiri, wale watu wa mradi wa chanjo walipoleta pikapu utakayoipeleka Biharamulo, wewe ulikuwa umekwenda Buhongwa kumuaga mjomba wako Lukas. Nikaiwasha peke yangu pale uani. Nikafungua boneti, nikazunguka, nikasikiliza. Uliporudi uliniuliza, "Baba, umeionaje?" Nikakujibu, "Iko safi." Ukafurahi, ukaingia ndani kuendelea na mizigo yako. Hukuiwasha mwenyewe. Siku nyingine ungeiwasha, maana wewe huamini mpaka usikie, lakini leo baba alikuwa ameshasema.

Tangu wakati ule sijakaa nikatulia. Chai nimeshindwa kuinywa. Mama yako anadhani ni uchungu wa kukuona unaondoka, na mimi nimemwacha adhani hivyo. Uchungu upo, sikatai, lakini hiki ni kitu kingine. Naogopa, Kabula. Naogopa lile neno nililokwambia, kwa sababu niliwahi kulisema mara moja kwa mtu mwingine anayetoka katika nyumba hii hii, na unajua alivyorudi. Usichojua ni kwamba nililisema.

Nianze mbali kidogo, unisamehe.

Ulikuwa darasa la nne. Mashirika ya umma yalikuwa yanakufa moja moja na magari yao yanauzwa. Magari ya mtumba nayo yalikuwa yameanza kuingia, na kila mwenye duka hapa Mwanza ghafla alikuwa amegeuka mnunuzi wa pamba, anatafuta lori. Gereji yetu ilijaa. Nilikuwa najulikana, usidhani nimeanza leo. Watu walitoka Usagara, walitoka Geita, wakiulizia yule Msukuma anayesikiliza gia. Nilivimba kichwa. Nilikuwa nasimama mbali na gari, nafumba macho, nasema ugonjwa kabla sijashika spana, na watu wanacheka kwa mshangao. Nilipenda sana kile kicheko.

Siku moja mfanyabiashara mmoja akaleta lori alilolipata huko kwenye mauzo. Likawashwa. Likiwa limesimama, gia ikiwa nyutro, mguu hauko kwenye klachi, kulikuwa na mlio chini ya sakafu, mlio mwembamba wa kuvuta, kama mtu anayepiga mluzi huku amebana meno. Nikamwambia dereva akanyage klachi. Mlio ukakatika. Akaachia, ukarudi.

Wewe unajua maana yake, nimekuimbisha hilo mpaka mama yako naye analijua. Kelele inayokuja ukikanyaga klachi ni beringi ya klachi, inakera lakini inakupa muda. Kelele inayokuja ukiachia klachi na kuondoka ukikanyaga, hiyo imo ndani ya boksi, kwenye beringi zinazoshikilia shafti. Hiyo haina utani. Beringi ikilegea, shafti inacheza, meno ya gia hayakutani sawasawa, na siku moja gia inaruka yenyewe kutoka mahali pake, na siku hiyo huichagui wewe.

Nikamweleza. Nikamwambia boksi lishushwe, beringi zitafutwe, na kwa kuwa hapa mjini hazikuwepo, asubiri ziagizwe. Akanitazama kama vile sijaelewa kilichomleta.

"Fundi," akasema, "mimi sikuja liponywe. Mnunuzi anakuja kesho. Nataka linyamaze."

Kulinyamazisha nilijua. Mafundi wote wa rika langu tulijua, na tulikuwa tunataniana kwa hilo wakati wa chakula. Unachukua unga wa mbao kule kwa maseremala, ule laini wa chini ya msumeno, unauchekecha, unauchanganya na grisi na oili nzito mpaka unakuwa uji, unaulisha boksi. Ule unga unakaa katikati ya meno na kwenye beringi, kelele inakwisha. Siku chache, wiki, mwezi ukiwa na bahati. Wengine walitumia ndizi mbivu. Mimi nilijiona wa heshima kwa kuwa situmii ndizi.

Nililisha lile boksi kwa mkono wangu. Nilipomaliza nikaliwasha, likaunguruma kimya, na nakwambia ukweli, nilijisikia fundi. Hakuna mtu angejua. Nikajiambia kwamba sikumdanganya mtu, aliyeuza ni mwingine na aliyenunua ana macho yake. Nikaenda zangu nyumbani.

Wiki haikuisha. Jumamosi mjomba wako Lukas akaja hapa Kiseke, anapiga honi tangu kule kwenye kona. Unakumbuka siku ile, nyinyi watoto mlipanda nyuma mkazungushwa. Alikuwa amekaa bila kazi tangu shirika lao lilipofungwa, na sasa amepata, ni dereva wa mnunuzi wa pamba. Alishuka amevaa shati jipya. Akamkumbatia dada yake, akanishika mkono mimi akanivuta mpaka kwenye mlango wa lori.

"Shemeji, rori hilo," akasema. "Hebu nisikilizie. Nikisikia kwako ndiyo nitalala."

Nililijua kabla hajazima honi. Nilijua mpaka ile alama ya spana yangu kwenye kizibo cha boksi. Likawa linaunguruma pale mlangoni pangu, gia nyutro, kimya kabisa, na mimi peke yangu nilijua kile kimya kimetengenezwa na nini. Mama yako alikuwa amesimama pembeni, anatabasamu, ameshika kanga mdomoni. Ningesema, ingebidi niseme mbele yake kwamba nimefanya kazi ya namna ile. Ingebidi Lukas arudishe ufunguo kwa tajiri wake siku ya tatu ya kazi. Nilifikiri nitamwita kando kesho yake. Nilifikiri nitamwambia alilete gereji nilibadilishe oili, nilishushe kimyakimya, nimalize. Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi sana, na mdomo ukasema, "Iko safi."

Kesho yake alikwenda ng'ambo ya ziwa kubeba pamba. Yaliyobaki unayajua, au unadhani unayajua. Ule mteremko wa kushukia kivukoni, lori limejaa marobota, breki zikashindwa, likalala mtaroni na mguu wa mjomba wako ukabaki chini ya mlango. Hivyo ndivyo tulivyowaambia watoto, hivyo ndivyo hata yeye anavyosimulia. Lakini mimi nililifungua lile boksi lilipovutwa kurudi Mwanza. Nilijitolea mwenyewe, watu wakaniona shemeji mwema. Beringi ya shafti ya mbele ilikuwa imevunjika vipande. Gia iliruka pale mteremkoni, injini ikaacha kulishikilia lori, uzito wote ukaziangukia breki, na breki za lori la zamani na mzigo ule zisingeweza. Ndani ya oili nilikuta unga wa mbao. Nikaimwaga shimoni, nikaosha boksi kwa petroli, nikamwambia tajiri ni breki.

Ndiyo hivyo, Kabula. Umekuwa ukimfungulia mjomba wako mlango tangu ukiwa mdogo, unamshikia magongo, na yeye kila akija hapa anaanza kwa kunishukuru kwa kile kibanda cha kutengenezea redio nilichomjengea. "Shemeji yangu ndiye aliyenisimamia," huwaambia wageni. Kila akisema hivyo natamani ardhi ipasuke. Mama yako hajui. Lukas mwenyewe hajui. Wewe ndiye mtu wa kwanza, na sikukuchagua kwa sababu wewe ni mwepesi wa kusamehe, maana si mwepesi. Umemrithi bibi yako, yule mama yangu aliyekupa jina, ambaye aliweza kukaa mwaka mzima bila kumsemesha jirani. Nimekuchagua kwa sababu kesho utapita njia ile ile. Utapita Usagara, utashuka mpaka kivukoni, utavuka, na ukifika ng'ambo utapanda ule mteremko alioushukia yeye. Utakuwa na masanduku ya barafu yenye chanjo na manesi wawili ambao nao wana mama zao. Ukirudi, utaushuka.

Tangu Lukas aumie sijalisha boksi la mtu yeyote. Wapo walionicheka, wapo walioondoka na magari yao wakaenda kwa fundi wa pili. Niliwaacha. Nilidhani kwa kufanya hivyo nimemaliza, kwamba mtu akiacha kosa basi limeisha. Na neno lile la "iko safi" nililiogopa. Utakumbuka kwamba mimi si mtu wa kusema hivyo. Nilikuwa nasema, "haya, nenda, ikilia urudi." Wewe ulikuwa unanitania kwamba baba hasifii hata gari jipya.

Sasa nakuja penye ugumu zaidi. Nimeinuka mara mbili, nimekunywa maji, nimerudi.

Unakumbuka mwaka juzi nilipotangaza mezani kwamba siku hizi Kiseke hakuna mbu? Mkacheka mpaka mdogo wako Doto akapaliwa na uji, mkanionyesha mikono yenu imevimba. Nikacheka na mimi. Usiku ule nilikaa kitandani nikaangalia mkono wangu. Mbu alikuwa ametua, anakunywa, ameshiba, na mimi sikuwa nimesikia kitu alipokuja. Nikamfukuza, nikamwona anazunguka taa karibu kabisa na uso wangu. Kimya.

Miaka yote ya kugonga vyuma na kulala chini ya injini imekula masikio yangu. Sauti nene nazisikia. Nakusikia ukiniita, nasikia radi, namsikia mama yako hata nisipotaka. Sauti nyembamba zimekwenda. Na ule mlio wa beringi inayoanza kufa, wewe unaujua ulivyo mwembamba.

Nilificha. Mteja akija, naweka kiganja kwenye mkono wa gia nahisi mtetemo. Naweka ncha ya bisibisi kwenye boksi na mpini wake nauuma kwa meno, mtetemo unapanda mfupani, napata kidogo. Watu wanadhani ni ufundi mpya. Na jambo jingine nililofanya ni hili: nilikuita wewe. Umekuwa ukija gereji kila ukitoka kazini kwenye ile shule ya udereva, nami nakusimamisha karibu na gari, nakunja uso, nakwambia, "Haya, unasikia nini?" Unasema, "Mlio, baba, ukiachia klachi." Nakuuliza, "Una hakika? Sikiliza tena." Nawe unasikiliza tena, unaeleza, natikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Ulidhani nakupima. Ulikuwa unajivunia, nilikuona. Uliwaambia wenzako kwamba baba hajawahi kukukuta umekosea.

Sikuwa nakupima, mwanangu. Nilikuwa nauliza.

Magari yote yaliyotoka gereji yetu salama kwa miaka hii miwili yalitoka kwa masikio yako. Wakati mwingine nilitaka kukwambia, nikaona utaniangalia kwa huruma, na huruma ya mtoto sikuiweza. Ni aibu ile ile ya siku ya Lukas. Nimezeeka, nayo haijazeeka.

Basi leo alasiri, pikapu ilipokuja, hukuwepo. Niliisikiliza peke yangu. Nilisikia injini, na chini yake sikusikia kitu. Nilitaka kutumia bisibisi, lakini yule dereva aliyeileta alikuwa amesimama ananiangalia, ameshaambiwa kwamba mimi ndiye mzee wa gia, na akatania, "Mzee, wewe si huwa unafumba macho tu?" Nikafumba macho. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ni nzima. Alipoondoka nilishika bisibisi, nikainama chini, mgongo ukakataa, nikaweka meno, nikahisi kitu au nikadhani nimehisi kitu, kwa sababu hofu nayo hutetemesha. Sijui. Inawezekana ile pikapu ni nzima kabisa na mimi ni mzee anayejitisha. Inawezekana beringi inalia tangu siku nyingi na mimi nimesimama juu yake kama gogo. Inawezekana pia kuna fundi mahali fulani, kijana mwenye sifa kama nilivyokuwa mimi, aliyeilisha uji ikanyamaza, na hapo hata masikio yako hayatatosha. Ndipo wewe ukaingia getini ukauliza, na mimi nikajibu vile.

Kwa hiyo kesho asubuhi fanya hivi. Iwashe ikiwa bado ya baridi. Usiiongeze mafuta, iache iungurume yenyewe. Weka nyutro, toa mguu kwenye klachi, usikilize kwa utulivu hata kama mama yako anaomba mpige picha. Kanyaga klachi polepole, achia polepole, mara tatu. Ukisikia kugongagonga kwa meno ambako kunapungua ukiongeza mafuta kidogo, usihangaike sana, mara nyingi ni injini inazunguka taratibu mno. Ukisikia ule mluzi, zima. Hata usipousikia, zima vilevile, halafu fungua kizibo cha pembeni cha boksi, ingiza kidole, toa oili, uisugue kati ya vidole viwili. Ukiona inameremeta, kuna chuma kinaliwa. Ukihisi chenga laini zisizo mchanga, nusa. Mbao hata ikilala kwenye oili, harufu yake unaijua, babu yako alikuwa seremala.

Likiwepo lolote kati ya hayo, huondoki. Watu wa mradi wakikasirika nitaongea nao mimi. Nitawaambia mbele ya yule dereva kwamba sisikii. Wakisema watampa kazi mtu mwingine, wampe. Utanichukia kwa hilo, maana umeingoja kazi hii kwa muda mrefu, na wanaume wangapi walikuambia pale ofisini kwamba mwanamke hawezi barabara ile. Nichukie ukiwa na miguu miwili.

Na huko uendako utakutana na siku yako, siku utakapokuwa umekosea na kuna watu wanakutazama. Sina la kukufundisha kuhusu siku hiyo, mimi nilishindwa yangu mara mbili. Nakwambia tu jinsi ilivyo. Haiji na kelele. Inakuja na mtu unayempenda, amevaa shati jipya, anakuuliza swali fupi.

Kwa Lukas nitakwenda Jumapili baada ya ibada. Nimeandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Nikimaliza kwake nitamwambia mama yako, na baada ya hapo sijui nitakuwa nalala wapi. Usije. Haya ni yangu.

Giza limeingia, sasa naandika kwa taa. Nakusikia ukicheka na Doto huko ndani, kicheko chako bado nakipata chote. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, mahali ambapo huwezi kuikosa. Lakini nakujua, ukiamka na haraka zako utaitia mfukoni useme utaisoma kwenye kivuko, kwa hiyo ufunguo wa pikapu nimeuondoa pale kwenye msumari. Ninao mimi. Nitakuwa nimekaa hapa mlangoni tangu alfajiri. Kama umeshasoma na shikamoo imegoma kutoka mdomoni, usinipe, sitaidai. Nyoosha mkono tu, nitakupa ufunguo.

Baba yako,
Masanja